Una Watoto Wangapi?

"Sita," Bibi alijibu, tena bila kufikiri.

Tulikuwa jikoni kwangu hapa Louisville, Kentucky, mwaka 2023, chai ya tangawizi mezani na makaratasi yake yametandazwa mpaka karibu na sufuria. Nilikuwa namfanyisha mazoezi ya mahojiano ya uraia. Nikamwomba anitajie majina. Akakunja vidole kimoja kimoja, na alipofika kwa wa sita akashusha sauti kidogo: "Huyu mama yake ni dada yangu, alifia kambini. Lakini ni umwana wanje." Mimi ni Mha wa Kigoma, Kirundi hakinipigi chenga. Mtoto wangu, alisema. Hajawahi kumwita kwa neno jingine.

Niliweka kalamu chini. Nakala ya fomu ya grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, aliyojaziwa mwaka 2008 ilionyesha watoto sita, wote wa kuwazaa mwenyewe. Na kambini aliandikisha wangapi? Hakukumbuka. Wala nisingetegemea akumbuke. Huyu ni mtu aliyevuka mpaka wa Burundi mwaka 1972 akiwa mtoto wa kushikwa mkono, akakulia ukimbizini, akazalia ukimbizini, na tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kila karatasi ni 1 Januari kwa sababu kuna karani mahali fulani alihitaji kuandika kitu.

Ameniruhusu niandike haya. Nami naandika kwa sababu kwa miaka zaidi ya kumi sasa nimekuwa mkalimani wa kujitolea wa Waswahili wa mji huu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na maswali ninayoulizwa baada ya ibada, msibani, kwenye foleni ya duka la vyakula, ni yale yale: viza, grinikadi, uraia. Mimi si mwanasheria. Sheria ya Marekani inataka ushauri wa uhamiaji utolewe na mwanasheria mwenye leseni, au mtu wa shirika lisilo la faida aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Ila nimekaa kwenye viti vya kutosha pembeni ya watu wetu kuona wanaangukia wapi. Mara nyingi hawaanguki kwa uongo. Wanaangukia kwenye maneno yetu ya kawaida kabisa, ambayo kwetu ni mapana na mbele ya dirisha la uhamiaji ni membamba.

Chukua hilo neno mtoto. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na akikosa mama, wewe mama mdogo ndiye mama. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamjua mtoto wa kumzaa. Mtoto wa kambo, ikiwa ndoa iliyowaunganisha ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Na mtoto wa kuasili, kwa kawaida aliyeasiliwa kisheria kabla ya miaka 16 na kukaa na mlezi wake miaka miwili. Basi. Kulea hakumo, kusomesha hakumo, kumbeba mgongoni kutoka msitu mmoja hadi mwingine hakumo.

Mwaka 2008 jambo hili lilifunga mlango wa watu wengi. Serikali ya Marekani ilianza kupima vinasaba vya familia za wakimbizi walioomba kuungana na ndugu zao huko Marekani, ikaanzia Nairobi kisha nchi nyingine za Afrika. Familia chache tu ndizo zilizothibitika kuwa kama zilivyojieleza. Nyingine matokeo hayakulingana, nyingine zilikataa kupimwa. Mpango ule wa kuunganisha familia ukasimamishwa hadi mwaka 2012, na uliporudi ulirudi na kipimo cha vinasaba kwa wazazi na watoto. Walikuwapo walioingiza watu wasio wao, hilo sikatai. Lakini najua pia ni watu wangapi katika foleni zile walikuwa kina Bibi, waliosema "mtoto wangu" na moyo wao ulikuwa unasema kweli.

Upande wa pili kuna wanaopunguza. Kaka mmoja wa Mwanza alicheza bahati nasibu ya grinikadi, jina likatoka. Mpango ule ulianzishwa na sheria ya mwaka 1990 iliyoweka kikomo cha viza 55,000 kwa mwaka, na wanaochaguliwa huwa wengi kuliko viza zenyewe, kwa hiyo jina kutoka bado si safari. Faili lisipokamilika kabla ya 30 Septemba ya mwaka husika, bahati imekwisha. Yeye alikuwa na kila kitu: cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), cheti cha polisi. Alichokuwa hajasema kwenye maombi ya mwanzo ni mtoto wa nje, binti wa miaka minne ambaye mke wake hakumjua. Kanuni inataka uorodheshe mwenzi wako na kila mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa na yuko chini ya miaka 21, awe anaishi nawe au la, awe atasafiri au la. Kwenye mahojiano akaona vibaya kumficha tena, akamtaja. Akanyimwa hapo hapo. Aliniuliza kwa simu, "Dada, kwa hiyo kosa langu ni kusema kweli?" Nikamwambia hapana, kosa lilikuwa siku ile ya kwanza. Aliona shida kunielewa, nami sikumlaumu.

Narudi kwa Bibi. Kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kutokutuma fomu. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanafikiri mahojiano ya uraia ni mtihani wa historia tu. Ombi la uraia, fomu N-400, ndilo linalofungua upya kila karatasi uliyowahi kusaini: ya kambini, ya ubalozini, ya grinikadi. Vyote vimo katika faili moja lenye namba inayoanza na herufi A. Afisa analo mbele yake. Wewe unakuja na kumbukumbu.

Kitu kizuri ambacho wengi hawajui ni kwamba faili hilo ni lako kuliomba. Kuna sheria ya haki ya kupata taarifa, unaomba kwa idara ya uhamiaji, USCIS, hulipi ada ya kuwasilisha ombi, na baada ya wiki au miezi unapata nakala, ingawa baadhi ya kurasa hufutwa kwa wino mweusi. Shirika moja lisilo la faida lilimsaidia Bibi kuomba. Faili lilipokuja tuliketi na mwanasheria wa shirika hilo, mimi nikisoma na kutafsiri, na katika kurasa za mahojiano ya kambini, mkoani kwetu Kigoma, tukakuta imeandikwa wazi: watoto watano, na mtoto mmoja wa marehemu dada, anayelelewa na mwombaji.

Kumbe alisema kweli tangu mwanzo. Sita wa kuzaa waliandikwa hapa hapa Louisville, mwaka 2008, na mtu wa kujaza fomu aliyemtoza dola mia kadhaa kwa ombi ambalo kwa mkimbizi halina hata ada ya serikali. Alimuuliza una watoto wangapi, akajibu sita, akaandika sita, akamwonyesha mahali pa kusaini. Bibi hakujua kusoma Kiingereza. Saini yake ndiyo iliyobaki kwenye faili, ya yule mtu haipo popote. Nilitoka ofisini nikaenda kukaa kwenye gari nikalia, na sioni haya kulisema. Miaka kumi na mitano alikuwa anatembea na kosa la mtu mwingine begani.

Mwanasheria alilirekebisha kwa barua ya maelezo iliyoambatanishwa na ombi jipya. Ingekuwa kambini ndiko alikosema sita, habari ingekuwa nzito zaidi, ingawa hata hapo sheria ina njia ya msamaha kwa mkimbizi, kwa sababu za utu au kulinda umoja wa familia. Njia hiyo hupiti peke yako.

Neno la pili ni ndiyo. Hili linaniogopesha kuliko yote.

Kwa adabu tuliyolelewa nayo, mkubwa au mtu wa ofisi akikuuliza jambo kwa haraka, unasema ndiyo. Maana yake nimekusikia. Kijana mmoja Mkongo alikwenda ofisi ya leseni za udereva miezi michache baada ya kupata grinikadi. Karani akauliza maswali mfululizo: anwani ni hii? Unataka kuchangia viungo? Unataka kujiandikisha kupiga kura? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akabonyeza mahali palipomtaka athibitishe kuwa ni raia, maana karani alikuwa na haraka ya foleni na Kiingereza kilikuwa kinampita. Wiki chache baadaye kadi ya mpiga kura ikafika kwa posta. Novemba ilipofika, wenzake kazini wakamhimiza kwamba kura ni wajibu. Akaenda, akapiga picha na kile kibandiko cha waliopiga kura kifuani, akawatumia ndugu zake Uvira.

Mwenye grinikadi haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa taifa hapa Marekani. Kufanya hivyo kunaweza kumwondoa mtu nchini, na kudai kwa uongo kuwa raia, kwa dai lililotolewa tangu 30 Septemba 1996, ni kati ya makosa ambayo sheria imeacha milango michache sana ya kutokea. N-400 inauliza hilo moja kwa moja: umewahi kujiandikisha kupiga kura, umewahi kupiga? Kijana huyu alitaka kuomba uraia mwaka jana. Mwanasheria amemwambia asitume chochote kwa sasa, na asisafiri nje. Ana watoto watatu waliozaliwa hapa. Nikikutana na mama yake kanisani huniuliza tu kwa macho. Kwa hiyo ukinikuta nawaambia wageni wapya jambo lile lile mara kumi, kwamba swali la kura jibu ni hapana mpaka siku ya kiapo, nivumilie.

Kuhusu ndoa ningeweza kuandika makala nzima. Watu huniuliza kama nikaha ya msikitini au ndoa ya kimila inakubalika. Marekani huangalia kwanza kama ndoa ni halali kisheria pale ilipofungwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za Kiislamu na za kimila, lakini utahitaji cheti, kwa hiyo nenda RITA kabla ya kwenda ubalozini. Mke wa pili hatambuliki, hata kama kwetu ni halali kabisa, na mwanamume anayeishi na wake wawili akiomba uraia atakwama hapo. Hayo ni mepesi kueleza.

Zito ni lile la dada mmoja wa Tanga. Aliolewa na raia, akapata grinikadi ya miaka miwili, ile yenye masharti, wanayopewa ambao ndoa zao hazijatimiza miaka miwili siku wanapopata ukaazi. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe, kwa fomu I-751. Mume akageuza saini ile kuwa fimbo. Ukitoka nje bila ruhusa sisaini. Ukimpigia mama yako sisaini. Baadaye ikawa fimbo kweli, si ya maneno. Shangazi yake kutoka nyumbani alimwambia avumilie, karatasi kwanza. Alinifuata maliwatoni kwenye harusi ya watu akaniuliza kwa kunong'ona: "Nikiondoka kwake, nitarudishwa?"

Dada yangu unayesoma hili, na kaka pia kwa sababu sheria hii haichagui: unaweza kuomba mwenyewe. Aliyeachika ambaye ndoa yake ilikuwa ya kweli, au aliyepigwa na kuteswa na mwenzi wake, ana njia ya kuomba masharti yaondolewe bila saini ya mwenzi. Na yule ambaye mwenzi wake raia au mwenye grinikadi hakuwahi hata kumwombea, kuna sheria ya mwaka 1994 ya kulinda waliofanyiwa ukatili inayomruhusu kujiombea mwenyewe, kwa siri, mume asijue. Weka nakala: picha za familia, mkataba wa nyumba, taarifa za benki, ripoti ya hospitali, ujumbe wa simu. Ziweke kwa mtu unayemwamini. Mficha uchi hazai. Yule dada alipofungua mdomo tu ndipo alipopata mwanasheria wa bure, na leo ana kadi ya miaka kumi na chumba chake mwenyewe.

Neno jingine ni nyumbani. Mzee mmoja wa Lamu ana grinikadi aliyoombewa na binti yake. Kila mwaka hukaa Lamu miezi kumi na moja, huja hapa mwezi mmoja, na husema bila wasiwasi, "Naenda Marekani kutembea, kisha narudi nyumbani." Sentensi hiyo hiyo akiitamka mbele ya afisa wa uwanja wa ndege, amejihukumu. Grinikadi ni ahadi kwamba nyumbani ni huku, na hakuna kanuni inayosema ukigusa ardhi ya Marekani mara moja kwa mwaka umesalimika. Anayejua atakaa nje muda mrefu aombe kibali cha kurejea kabla hajaondoka, hutolewa hadi cha miaka miwili. Na kwa hesabu ya uraia, safari inayozidi miezi sita inazua maswali, inayofika mwaka kwa kawaida inavunja hesabu, kibali au si kibali. Jambo moja ambalo mzee yule hakulijua: afisa akikuwekea mezani karatasi ya kuirudisha kadi kwa hiari, hulazimiki kuisaini. Una haki ya kuomba upelekwe mbele ya jaji wa uhamiaji. Mkimbizi naye namwonya kwa upole: kurudi kutembelea nchi uliyosema unaikimbia kunaweza kufungua faili lako upya, hata kama ulikwenda kuzika.

Wenye viza ya matembezi huniuliza mbona viza ni ya miaka kadhaa na wamepewa miezi sita. Tarehe kwenye viza ni ya kubisha hodi. Muda wa kukaa huamuliwa mlangoni na kuandikwa kwenye rekodi ya I-94, ambayo unaiangalia mtandaoni. Kuzidisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka ni kufungiwa miaka 3. Mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Angalia tarehe ile usiku ule ule unaofika, kabla hujalala.

Bibi alihojiwa mwaka 2024. Kwa kuwa alikuwa amevuka miaka 55 na ana zaidi ya miaka 15 ya ukaazi wa kudumu (ya mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini), alisamehewa Kiingereza na akaruhusiwa kuja na mkalimani. Njia hiyo ipo pia kwa wa miaka 50 mwenye ukaazi wa miaka 20, na wazee wetu wengi hawaijui, wanakaa na hofu ya Kiingereza hadi wanakufa bila uraia. Maswali ya historia bado yapo, kwa lugha yako. Wakati wake yalikuwa 100 ya kusoma, unaulizwa hadi 10, unapata kwa 6. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanasoma 128, wanaulizwa hadi 20, wanahitaji 12. Tuliyasoma kwa miezi minane, mimi nikiuliza yeye akichambua maharage.

Afisa alipofika kwenye swali lile lile la watoto, akauliza. Nikatafsiri: "Bibi, una watoto wangapi?"

Alinyamaza kidogo. "Niliozaa ni watano," akasema. "Na mmoja niliachiwa na dada yangu." Afisa akageuza kurasa, akasoma ile barua, akaandika kitu. Akaenda swali linalofuata.

Kiapo kilikuwa mahakamani. Mwanasesere wa mjukuu, bendera ndogo za karatasi, vijana waliovaa suti za kuazima. Mlangoni wanakusanya grinikadi, na Bibi alishtuka, akaishika kwa mikono miwili: "Wanaichukua?" Nikamwambia haihitaji tena. Aliitoa pole pole.

Kisha wakaanza kuita nchi, kila watu wasimame wakisikia ya kwao. Ikaitwa Burundi, akasimama, na nyuma yangu yule wa sita, mwanamume wa miaka ishirini na kitu sasa, akapiga makofi kwa nguvu peke yake. Nilifikiria wenzake Bibi wa mwaka 1972 waliobaki kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Watu wa kundi moja, wakaapa kwa bendera mbili tofauti.

Ikaitwa Kenya, wakasimama watatu wakicheka. Katiba yao ya 2010 inamwachia Mkenya wa kuzaliwa uraia wake hata akiapa kwingine. Ikaitwa Tanzania, akasimama kijana mmoja.

Mimi nilibaki kwenye benchi la wageni. Sifa za kuomba ninazo tangu mwaka 2016. Lakini sheria yetu inasema mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania umekwenda, na sheria ya ardhi ya mwaka 1999 ilivyotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Baba ana kiwanja Ujiji, karibu na miembe, jina langu ndilo lililoandikwa. Nafuatilia habari za hadhi maalumu kwa Watanzania wa nje kwa matumaini yote, ila pasipoti yangu ya Tanzania nimeifunga kwenye kitambaa alichonifungia mama, na fomu ya N-400 iko kwenye droo hiyo hiyo, imejazwa mpaka ukurasa wa mwisho.

Tulipokuwa tunatoka, Bibi akanishika mkono.

"Wameita Tanzania," akasema. "Mbona hukusimama, mwanangu?"

"Bado, Bibi."

Hakuniuliza tena. Tulikwenda kwenye maegesho, yeye akiwa ameishika ile bahasha ya cheti kifuani, na kabla ya kuingia garini akanipa ile bendera yake ndogo ya karatasi nimshikie, afunge vizuri kanga yake.